Simba Asiyeweza Kulia: Nimeirudia The Lion King ya 2019

Haya, haya, haya. Mnanisikia vizuri? Maikrofoni mpya hii. Ile ya zamani mlinisema sana kwenye maoni, kwamba naongea kama niko ndani ya pipa. Leo nimetoka kwenye pipa, na nimetoka na hasira.

Hasira yenyewe ni ya tangu 2019. Nililipa shilingi 12,000 kuingia sinema, nikamlipia na mtu mwingine ambaye siku hizi hatusalimiani, nikanunua na bisi, halafu nikatoka pale nimenuna na sijui kwa nini nimenuna. Wenzangu wote mlangoni wanaulizana, "Umeona manyoya yale? Umeona manyoya?" Manyoya nimeyaona jamani. Sasa?

Tunaongelea The Lion King, ile aliyoiongoza Jon Favreau. Hadithi siwasimulii. Kama humjui Simba wala baba yake, rudi nyumbani ukawaulize wazazi walikuwa wanakulea vipi. Sauti nani kaweka, muziki nani katunga, yote hayo mnayajua, tunaruka. Juzi nimeirudia kwa kaka yangu, ana televisheni ya inchi 55 ambayo anaipenda kuliko ndugu zake, na safari hii nimekijua kilichonikera. Msiende popote, kuna jaribio nimelifanya na mtoto wa miaka sita, nawaonyesha sasa hivi.

Kabla ya jaribio nitende haki kwanza, maana mtaniambia nina chuki. Picha ni nzuri. Ni nzuri mno. Angalieni hapa, nimesimamisha: lile vumbi kwenye miale ya jua, yale maji yanavyocheza, lile sikio linavyomfukuza inzi. Hapo hakuna inzi, na hakuna sikio. Favreau alisema mwenyewe mwaka huohuo wa 2019 kwamba muvi hii ina shoti 1,490 zilizotengenezwa kwenye kompyuta, halafu kuna moja, moja tu, ambayo walikwenda kuipiga Afrika kwa kamera ya kweli na kuichomeka humo waone kama kuna mtu atashtuka. Ni ipi? Nitawaambia mwishoni. Ndiyo, nawabana kusudi mmalizie video, na mimi nina bili za kulipa.

Na walivyoitengeneza ndiyo kituko. Walikuja Kenya kweli, wakatazama wanyama, wakatazama mwanga unavyoanguka, wakarudi zao. Muvi yenyewe ikapigwa ndani ya jengo moja Los Angeles, eneo la Playa Vista. Mbuga nzima wameiweka kwenye kompyuta kama gemu. Mkurugenzi anavaa miwani ile inayofunika macho yote, anaingia mbugani, anatafuta pembe ya kupigia. Mpiga picha wao, Caleb Deschanel, mtu mzima aliyepiga muvi kwa miongo, anasukuma toroli la kamera juu ya reli za kweli, na mbele yake pana sakafu tupu. Nikisoma mambo haya nasisimka, sifichi. Kama ningekuwa napitia mashine tu, leo ningeimba.

Ila mimi napitia muvi. Twende kwenye jaribio.

Nimemchukua mtoto wa kaka yangu. Hii ya 2019 hajawahi kuiona, na ile katuni ya asili ya 1994 pia hajawahi kuiona, nimeuliza mara mbili, na nikamkemea baba yake kwa hilo. Nikazima sauti kabisa. Nikamwonyesha vipande vilevile vya muvi zote mbili, kimoja baada ya kingine, nikamuuliza, "Huyu anajisikiaje?" Basi. Sikumsaidia hata neno.

Cha kwanza, korongoni, baada ya nyumbu kupita, Mufasa, baba yake Simba, amelala chini, mtoto anamsogelea. Tunaanza na katuni. Tazameni hapa, nasogeza polepole. Masikio yanashuka. Nyusi zinapanda katikati, zinatengeneza kama kibanda. Mdomo unatetemeka kabla haujafunguka. Chozi hilo. Sauti nimezima, kumbukeni. Mtoto wa kaka yangu anasema, namnukuu, nimeandika hapa: "Anamwamsha baba yake. Baba yake haamki. Anaogopa." Halafu akanyamaza, akanisogelea.

Sasa hii ya 2019. Tukio lilelile, korongo lilelile, mtoto yuleyule anamsogelea baba yuleyule. Tazameni uso. Nasogeza. Nasogeza tena. Mnaona kitu? Mimi nimesogeza mpaka kidole kimeuma. Kuna manyoya, kila unywele unapepea peke yake. Macho yana unyevu mzuri tu, wa kawaida. Mdomo unafunguka, unafunga. Mtoto akakaa akafikiri kabisa, akaniambia, "Shangazi, huyu amechoka. Anataka kulala na baba yake."

Amechoka! Baba kafa, mtoto anasema simba amechoka!

Nikasema labda nimemwonea, tujaribu kingine. Scar, yule baba mdogo mwovu wa Simba. Katuni: nyusi moja juu, nyingine chini, kope nusu, tabasamu la upande. Mtoto hakusubiri hata sekunde mbili: "Huyu mbaya." Haya, Scar wa 2019, akiwa anaongea na kaka yake. Akamtazama kwa huruma kabisa. "Huyu mwembamba anaumwa?" Nikacheka mpaka kaka akaja kuuliza kuna nini.

Na msinielewe vibaya, mtoto hakukosea. Mimi simba nimemwona. Ukipanda basi la Iringa unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, tembo unawaona bure dirishani, na mwaka juzi tuliingia ndani kabisa, tukamkuta dume chini ya mti. Uso wake ulikuwa hivihivi kama wa huyu wa kwenye muvi. Hivihivi! Uso mkavu kama Sanamu la Askari pale Posta, Dar es Salaam. Huwezi kujua kama ana njaa, ana usingizi, au amefiwa, kwa sababu simba hana nyusi za kukunja wala midomo ya kutetemesha. Watengenezaji walitaka muvi ifanane na zile filamu za wanyama za kwenye televisheni, na wamefaulu kwa asilimia mia. Wamempata simba wa kweli. Halafu wakampa mistari ya mtoto yatima aiseme.

Mtu aliyechora ile katuni hakuwa mjinga asiyejua simba anavyofanana. Timu yao nayo ilikuja Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 90, wakazunguka Hell's Gate kule Naivasha. Walimtazama simba, wakarudi mezani, wakamwongezea nyusi. Kusudi.

Sasa hapa ndipo napogombana na jirani yangu. Kuna chaneli moja, jina silitaji, mnamjua, anavaa miwani ya jua usiku. Yeye ana video ya saa nzima kwamba kompyuta imeua sinema, kwamba zamani kila kitu kilikuwa halisi, kwamba wazee walikuwa wanatumia mikono tu. Watu 40 mmeniletea kiungo chake. Jamani. Wale nyumbu wa 1994, wale wanaoteremka korongoni kama mafuriko, mnadhani walichorwa mmoja mmoja kwa kalamu? Ni kompyuta! Kipande cha dakika mbili na nusu hivi, na kiliwachukua zaidi ya miaka miwili. Walihitaji mamia ya nyumbu wanaokimbia bila kugongana, kila mmoja na njia yake, na mkono wa mtu usingeweza. Wakaipa kompyuta nyumbu. Uso wa mtoto wakambakizia mtu mwenye penseli.

Umeona? Katika tukio moja. Nyumbu ni wa kompyuta, chozi ni la mkono. Na kila mtu niliyekua naye alilia pale, hata kaka yangu huyu wa televisheni, ingawa sasa hivi anatingisha kichwa kule nyuma ya kamera. Ulilia, nilikuwepo.

Kwa hiyo ukiniambia kompyuta ni mbaya, mimi simo. Jurassic Park ya 1993 ilishangaza dunia, na dinosaria wa kompyuta mle ndani hawafiki hata dakika 10, ni kama 6 hivi. Waliobaki ni midubwana ya kweli ya fundi Stan Winston, yenye mashine ndani na ngozi ya mpira. Yule mkubwa wa kwenye mvua alikuwa ananyonya maji kama sponji mpaka anatetemeka mwenyewe, mafundi wanamfuta kwa mataulo. Kompyuta walikuwa nayo na bado waliibania. Na Mad Max: Fury Road, ile ya 2015 iliyopigwa jangwani Namibia, watu wanaapa kwamba haina kompyuta hata chembe. Ina karibu shoti 2,000 zilizopitia kwa watu wa kompyuta! Ila magari yanayopinduka ni magari, na mtu anayening'inia juu ya mlingoti ni mtu. Kompyuta imekuja baadaye kufuta kamba na kupaka anga rangi.

Na tukisema kompyuta ikiwa mbovu muvi inakuwa mbovu, hapo pia nakataa, maana mimi ni mtoto wa kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video. Mnaojua mnajua. Benchi la mbao, jenereta nje, Lufufu anatafsiri, stelingi hafi hata akipigwa bomu. Tulikuwa tunaangalia vitu ambavyo mlipuko unaonekana kabisa umebandikwa, na watu wanashangilia mpaka bati linataka kung'oka. Angalieni Who Killed Captain Alex? ya Waganda, ya 2010, Nabwana kaitengeneza kule Wakaliga, Kampala, kwa pesa inayotajwa kuwa kama dola 200. Helikopta zile za kompyuta mtoto wa sekondari angezifanya vizuri zaidi, na dunia nzima inaipenda. Kwa nini? Kwa sababu unamwona mtu anafurahi kukufanyia kiini macho. Anakukonyeza. Hii ya dola milioni 250 na zaidi haikukonyezi hata mara moja, inakuomba uamini kwamba ni mbuga.

Na kama ni mbuga kweli, nina swali. Yule Rafiki. Rafiki ni nyani wa aina ile ya uso wa rangi, pua nyekundu, mashavu ya buluu. Nyani wale makazi yao ni misitu ya Gabon na Kameruni huko. Mmehesabu unywele mmoja mmoja wa simba, mmepima mwanga wa Kenya, halafu nyani wa msituni anazunguka mbugani na fimbo na hakuna aliyeuliza? Kwenye katuni sikuwahi kujali. Katuni ni katuni. Ila wewe uliyejifanya shahidi wa mahakamani, nakuhoji kila kitu.

Halafu nyimbo. Mungu wangu, nyimbo. Ule wimbo wa mapenzi, wa Simba na Nala, maneno yake yanasema "usiku huu". Yanasema usiku. Tazameni picha. Hili ni nini? Hili ni jua la saa nane mchana! Wanatembea kwenye majani, jua la utosi, Beyoncé anaimba usiku huu, na mimi natafuta miwani ya jua ya yule jirani. Na ule wa mtoto anayetamani kuwa mfalme, kwenye katuni dunia nzima inabadilika rangi, wanyama wanapandana mgongoni mpaka wanakuwa mnara, kwa sababu tuko ndani ya kichwa cha mtoto. Hapa wanakimbia tu kandokando ya maji. Kwa sababu gani? Kwa sababu twiga wa kweli hapandi juu ya kiboko. Uhalisia umekuwa mlinzi wa getini, kila wazo zuri likija linaulizwa kitambulisho.

Ngoja ninywe maji.

Kwa sisi Waswahili kuna raha nyingine humu, niwape ya bure. Fisi wale watatu: Shenzi tunamjua tangu zamani. Hii mpya imewataja wengine, Azizi na Kamari. Kamari! Kuna mtu alikaa mezani, akatafuta jina la Kiswahili la fisi, akarudi na Kamari. Na mnajua nini, linamfaa. Na Shenzi wa safari hii sauti yake ni ya Florence Kasumba, Mjerumani aliyezaliwa Kampala, na kwangu ndiye bora kuliko wote humu ndani. Ukifumba macho unamwogopa. Ukifumbua, fisi.

Hakuna matata siiongelei. Disney waliisajili mwaka 2003 iwe alama yao ya biashara ya fulana, watu wakaja juu 2018, nilishafanya video yake nzima. Ila pale mtaani kwetu mtu akikuambia hakuna matata ujue anakuuzia kinyago. Tunaoishi hapa tunasema hamna shida.

Jambo moja nawaomba kwenye maoni. Msiwatukane vijana waliokaa kwenye kompyuta. Hasira yangu haiwahusu. Kazi waliyoambiwa waifanye wameifanya kuliko walivyoambiwa. Kazi kubwa ya muvi hii ilifanywa na MPC, kampuni ya picha za kompyuta, na mwanzoni mwa 2025 kampuni mama yao Technicolor ilianguka, maelfu ya watu wakaambiwa waende nyumbani. Na si mara ya kwanza. Rhythm & Hues, waliomtengeneza yule chui milia wa Life of Pi, waliomba kufilisika Februari 2013, na siku chache baadaye muvi hiyohiyo ikachukua Oscar ya kazi yao. Mwenzao yuko jukwaani anajaribu kusema kampuni ina shida, wakamwekea muziki wa yule samaki papa wa muvi ya Jaws kumfukuza, na maikrofoni ikakatwa. Sasa hesabu. Hii The Lion King iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Manyoya yale, wewe na mimi tulilipa. Sijui pesa ziliishia mfukoni kwa nani, ila aliyeyachana unywele kwa unywele hakuwa yeye.

Haya, maksi. Kwenye karatasi yangu nimeandika 4 kwa 10. Nikikumbuka sauti ya marehemu James Earl Jones, aliyekuwa Mufasa 1994 akarudi kuwa Mufasa 2019, nasikia aibu, napandisha 5. Nikikumbuka jua la saa nane narudisha 4 na nusu. Na ile iliyofuata, Mufasa ya 2024 ya Barry Jenkins, nitaipitia Jumamosi mubashara, saa tatu usiku. Nyuso zimelegea kidogo, wameanza kuwaruhusu simba wakunje kunje. Kidogo. Labda walimsikia mtoto wa kaka yangu.

Bei: usinunue. Kama una ile huduma ya kulipia kwa mwezi itakuwemo, angalia huko, bando lako litaumia lakini si sana. Kama unataka ya kuweka nyumbani kwa ajili ya watoto, tafuta katuni. Dakika 88 na kila kitu kimo. Hii mpya ina dakika 118, na dakika 30 za nyongeza nimezitafuta, nadhani nyingine zimekwenda kwenye lile bonge la manyoya ya Simba linalopeperuka kutoka mahali mpaka mahali, linaliwa na twiga, linatoka upande wa pili, linabingirishwa na mdudu. Sitanii. Nendeni mkaangalie.

Sasa deni langu. Ile shoti moja.

Nimeiweka hapa. Ni ya kwanza kabisa. Kabla hujamwona mnyama yeyote, jua linachomoza, na sauti ya mwimbaji Lebo M inapasua kwa Kizulu. Hilo ni jua la kweli, limechomoza Afrika asubuhi moja, na mtu alikuwa amesimama na kamera analisubiri. Nilipokuwa sinema ile 2019, pale pekee ndipo mwili ulinisisimka, na nilidhani ni muziki. Kaka, zima taa. Nyamazeni kidogo tuangalie.

...

Hapo.

Sasa wanaanza swala. Nazima.